Bibi wa visheti ametia saini

Pangani,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi na wanangu tu wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Tangu Idd sijakuandikia wala wewe hujaniandikia, basi tusameheane, maana nimeshika kalamu kwa jambo moja na nikilichelewesha nitapasuka. Bibi wa visheti ametia saini.

Umesoma sawasawa. Alhamisi tulikuwa na kikao cha wazazi, karatasi ya mahudhurio ikapitishwa pamoja na ule wino wa muhuri, kama siku zote, kwa ajili ya wale wa dole gumba. Ilipomfikia bibi, aliusukuma wino kando kwa nyuma ya kiganja, akaomba kalamu. Wazazi wote wakanyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa wakibishana habari za mchango wa uji. Akaishika kalamu kama ashikavyo mwiko, akainama mpaka ushungi ukagusa meza. Herufi saba. Ya kwanza kubwa, imekaa vizuri kwenye mstari. Ya tatu aliisahau, akarudi akaipachika kwa juu, ndogo kama sisimizi. Alipomaliza akaipuliza karatasi kama anayepoza chai, akasema, “Haya, mpeni mwingine.” Somo, nilitoka nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Wewe unakumbuka alivyoanza. Mjukuu wake hakukubali kubaki darasani peke yake, bibi akawa anakaa mlangoni na sinia lake mpaka saa tano, na sisi ndani tunaimba a, e, i, o, u. Wewe ndiye uliyeona midomo yake inachezacheza. Mimi nilidhani anasoma uradi. Ulipomkaribisha mkekani nilikunong'oneza kwamba tutapata maneno ofisini, na nimekuwa nikilifikiria hilo tangu Alhamisi. Ningekuzuia siku ile, leo ningekuwa na deni kubwa.

Sasa wanafunzi wetu watu wazima wako kumi na tisa. Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, watoto wakishaondoka. Viti vya darasa la awali haviwatoshi, kwa hiyo ni mikeka. Wanaume ni wanne: fundi baiskeli na wavuvi watatu, ambao huonekana siku za maji mafu tu, bamvua likija wanapotea. Kuhesabu tunatumia vilevile vizibo vya soda, na wavuvi wametushinda sote kwenye kugawanya, maana mafungu ya samaki wameyagawa tangu utotoni. Kilichowatatiza ni kuyaandika.

Mke wa fundi baiskeli alipata ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Zamani angempa jirani amsomee. Safari hii kausoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kisha akaja darasani kutuonyesha kabla ya kuufuta. Mwingine kasoma tarehe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, akakuta amepitiliza wiki nzima, akafunga safari asubuhi yake.

La saba matokeo yametoka, wetu wamejitahidi, yule mtoto wa kivukoni amefaulu vizuri sana. Vyoo vipya vya awali vimeisha na milango yake.

Lakini nirudi kwa bibi. Siku moja alinisimulia jambo ambalo sidhani kama alikuambia. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kijijini kwao kisomo kilikuwa chini ya mwembe na baba yake alikuwa mmoja wa wanafunzi. Yeye alikuwa msichana. Kazi yake ilikuwa kumpelekea baba maji ya kunywa, kisha anaambiwa rudi nyumbani ukakune nazi. Mwaka 1973 watu walipokuwa wakikusanyika kwenye redio kusikiliza masomo ya Mtu ni Afya na kutoka hapo kwenda kuchimba vyoo, yeye tayari alikuwa ameolewa. Akasikilizia dirishani. Kutoka ule mwembe mpaka ile karatasi ya Alhamisi ni miaka hamsini na minne! Baba yangu hupenda kuusifu wakati ule, nami nausifu, watu wengi walitoka gizani. Ila sasa kila nikisikia sifa zile namwona mtoto wa kike amebeba kata ya maji, anaambiwa rudi.

Na mjukuu? Yuko darasa la kwanza, amekuwa mwalimu wa nyumbani. Bibi anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, yeye anapita akimwekea vyema. Nilikwenda kuona. Ukuta umejaa mpaka karibu na jiko, na kuna mahali amemwandikia “rudia”.

Kinachoninyima usingizi ni chumba. Unajua, kwa mtaala mpya, hawa walio la tatu mwaka huu ndio watakaoishia la sita mwaka 2027, pamoja na la nne wa sasa watakaoishia la saba. Kabla hatujafika huko, kamati imeshaanza kuhesabu madarasa, na chumba chetu cha awali ndicho kinachotazamwa. Wazazi hawakukaa kimya. Mawe na mchanga wamebeba wenyewe, tofali wamefyatua, na jengo jipya limefika usawa wa madirisha. Hapo saruji ikaisha. Wale wa mikekani ndio waliokuwa wa kwanza kuja na majembe, somo, na nikifikiria huenda wakakosa pa kukaa, nashindwa hata kumalizia.

Sasa ombi. Zile chati zako za salfeti zimeliwa na panya. Ya nya, nye, nyi imebaki nusu. Nimejaribu kuandika nyingine lakini mwandiko wangu unawachanganya, wao wamezoea wako, ile “g” yako yenye mkia mrefu ndiyo wanayoijua. Niandikie sita tu. Safari hii weka maneno ya watu wazima: bei, kilo, tarehe, kiasi, salio, saini. Salfeti safi nimezipata kwa muuza sukari, nimezifua, nitazipakia kwenye basi Jumatano pamoja na makapeni mbili, nyeusi na nyekundu. Zikiwa tayari zitume mpaka Tanga kwa yule Mpemba wetu wa stendi, mimi nitazifuata.

Mahafali ya awali ni Jumatano, tarehe 4 Desemba. Tumekubaliana wakubwa wapokee vyeti siku hiyohiyo, baada ya watoto kuimba. Vyeti nimeviandika kwa mkono na mwalimu mkuu amevigonga muhuri. Bibi amekataa kupokea cha kwake kutoka kwangu. Anasema atakipokea kwa aliyemkaribisha mkekani.

Basi niambie, utakuja? Ruhusa unaweza kuipata wiki hiyo, au huko Singida mnafunga tarehe moja na sisi? Ukishindwa nauli useme, usinifiche, tutachangishana. Shemeji mgongo umepoa? Huko kwenu kuna wazazi wanaokaa mlangoni? Umewakaribisha? Na ile daftari ya majina ya wale saba wa kwanza, uliichukua wewe au imebaki kabatini? Nimepekua sana. Ningependa bibi alione jina lake lilivyoandikwa na wewe siku ile, pembeni kukiwa na alama ya dole.

Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Somo yako