Kliniki za wanyama ziwe na daftari la vifaa vya meno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lisilosemwa sana ingawa linawagusa wengi wanaofuga mbwa na paka, nalo ni hali ya vifaa vya matibabu ya meno katika kliniki za wanyama. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Dar es Salaam. Kazi yangu imenipeleka katika hospitali za binadamu na, kwa miaka ya karibuni, katika kliniki za wanyama zilizoanza kusafisha na kung'oa meno. Nafurahi kwamba huduma hiyo imefika, kwa maana mbwa mzima ana meno 42 na paka ana 30, na ugonjwa wa fizi ni miongoni mwa maradhi yanayowapata mno. Linalonisikitisha ni kwamba fundi huitwa siku kifaa kinapogoma, ilhali vifaa vingi vya meno huanza kumdhuru mnyama muda mrefu kabla ya kugoma.

Nianze na mashine ya kukwangua ukoga kwa mtetemo, kwa kuwa ndiyo inayotumika kila wiki. Ncha yake hutetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na mtetemo huo huzaa joto, ndiyo sababu maji hutakiwa kuimwagikia ncha muda wote wa kazi. Mrija ukiziba au chujio likijaa chumvi, mashine haizimiki. Huendelea kunguruma vilevile huku joto likipenya hadi kwenye kiini cha jino na kukiua, na mnyama aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hana namna ya kujitetea. Kulibaini hilo hakuhitaji fundi. Mtu aiwashe mashine kabla mgonjwa hajaletwa mezani na aangalie kama ncha inarusha ukungu wa maji usiokatika.

Ncha yenyewe nayo huliwa. Kipimo kinachotumiwa na wenye kazi hii ni kwamba ikipungua milimita 1, nguvu yake imeshuka kwa takriban robo, na ikipungua milimita 2 imeshuka kwa nusu, kwa hiyo haifai tena. Watengenezaji wengi hutoa kadi yenye mchoro wa kuipimia, na mara nyingi kadi hiyo naikuta bado imo ndani ya boksi pamoja na kijitabu ambacho hakijafunguliwa. Anayetumia ncha iliyoliwa hulazimika kukandamiza ili ukoga utoke, na kukandamiza huko ndiko kunakoliharibu jino alilokusudia kuliokoa.

Kifaa kinachoteseka zaidi katika mji wetu ni kompresa, mashine inayobana hewa ya kuendeshea drili. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, na inapobanwa, unyevu huo hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Kuna koki ndogo chini ya tangi kwa ajili ya kuyatoa, na inapaswa kufunguliwa kila jioni. Isipofunguliwa, tangi hula kutu kwa ndani na maji yale machafu husukumwa pamoja na hewa hadi kwenye drili. Drili ya kasi kubwa huzunguka mara 300,000 na zaidi kwa dakika, ikishikiliwa na beringi ndogo sana, na beringi za namna hiyo hazistahimili hata chembe ya kutu. Dalili zake zinajulikana: sauti hubadilika na kuwa ya kukwaruza, biti huanza kucheza, kichwa cha drili hupata joto kiasi cha kuunguza mdomo au shavu la mnyama. Ikifika hapo, turbini ya ndani, yaani kigurudumu kinachozungushwa na hewa, hubadilishwa yote, na aghalabu huagizwa kutoka nje ya nchi. Kuipaka mafuta yake kila inapotumika, kabla haijaingizwa kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, kungeirefushia maisha kwa gharama ndogo mno. Kompresa inayotumia mafuta nayo ipimwe kina chake kila wiki, jambo ambalo dereva yeyote hulifanya kwa gari lake bila kuambiwa.

Kuhusu maji, wengi tunatumia visima, na ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Yasiingizwe kwenye mashine hizi, yatumike yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Hata hayo yakilala ndani ya mirija usiku kucha, bakteria hujenga utando humo, kwa hiyo kila asubuhi mirija iachwe itiririke kwa dakika mbili, na chupa imwagwe na kukaushwa jioni.

Vifaa vya mkono huonekana havina haja ya matunzo kwa sababu havina waya wala injini, na hapo ndipo ninapokuta uzembe mkubwa kuliko kwingine. Mpishi anajua kwamba kisu butu ndicho kinachomkata kidole, kwa sababu hukisukuma kwa nguvu hadi kikateleza. Kifaa cha kulegezea jino kikiwa butu hufanya vivyo hivyo, lakini mizizi ya meno ya nyuma ya taya la juu, kwa mbwa na kwa paka, iko chini kabisa ya jicho. Kikiteleza, kinaweza kulitoboa jicho lenyewe. Jiwe la kunolea, mafuta kidogo na kijiti cha plastiki cha kujaribia makali vinatosha kuzuia msiba huo, mradi awepo mtu aliyefundishwa pembe sahihi ya kunoa, kwa kuwa kunoa ovyo huharibu kifaa kuliko kutonoa.

Katika utakasaji, mtungi wa mvuke ufikishe nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, baada ya vifaa kuoshwa damu yote. Utepe unaobadilika rangi huthibitisha tu kwamba pakiti imepata joto. Haushuhudii kwamba vijidudu vimekufa. Kwa hilo kuna kipimo cha mbegu za bakteria sugu, ambacho kliniki nyingi za binadamu hukijua na ambacho sijawahi kukikuta katika kliniki ya wanyama niliyofanyia kazi.

Kwa upande wa paka naomba nisisitize mambo mawili. Puto la mrija wa kupumulia, ule unaoingizwa kooni mnyama akiwa usingizini, likijazwa hewa kupita kiasi linaweza kupasua koromeo la hewa, na visa vingi vya namna hiyo vilivyoandikwa na madaktari vilitokea wakati wa matibabu ya meno. Puto lijazwe hewa kidogo kidogo hadi pumzi ikome kuvuja kandokando ya mrija, na likaguliwe kama halivuji kabla ya kutumika. La pili ni kile kifaa chenye springi cha kuachamishia mdomo, ambacho kimehusishwa na upofu wa paka kwa sababu huachamisha mdomo mno na kubana mishipa inayopeleka damu machoni na kwenye ubongo. Hicho hakihitaji matengenezo. Kiondolewe kwenye seti.

Eksirei sitaisemea sana, kwa kuwa ina msimamizi wake: Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003 imeweka vyanzo vyote vya mionzi chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kliniki ya wanyama haikusamehewa. Ombi langu linahusu vile vifaa vingine vyote. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 imelipa Baraza la Veterinari jukumu la kusimamia taaluma na vituo vya huduma, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza mateso yanayoepukika. Naliomba Baraza lifanye daftari la matunzo ya vifaa liwe miongoni mwa mambo ambayo mkaguzi lazima ayatazame katika kila kliniki inayotibu meno, maana kuwepo kwa mashine mezani hakumwambii mkaguzi ilivyotunzwa.

Wenye kliniki huniambia kwamba vipuri ni ghali, mafundi ni wachache na umeme wa kupandapanda unaunguza mashine. Yote matatu ni kweli, na la umeme hupungua kwa stabilaiza nzuri. Lakini karibu kila nililolitaja hapo juu hufanywa na msaidizi wa kliniki bila kipuri wala fundi, na Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wakala wa Mafunzo ya Mifugo wangeweza kuliingiza katika mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wao.

Kliniki isiyotaka kusubiri agizo inaweza kuanza kesho kwa daftari la kawaida lenye mistari, kila ukurasa ukiwa na safu tano: tarehe, kifaa, aliyekagua, alichokikuta, na hatua iliyochukuliwa. Mteja anayemleta mbwa wake kung'olewa jino naye aruhusiwe kuomba kuliona.

Wako,
Fundi wa vifaa tiba,
Dar es Salaam