Friza ya Pili Nyumbani: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua

Swali tunaloulizwa zaidi dukani kwetu halihusu friza iliyoharibika, bali friza ambayo bado haijanunuliwa. Mteja hutueleza kwamba sehemu ya kugandishia iliyomo katika jokofu lake imejaa kiasi kwamba mlango haufungi vizuri, kisha hutuuliza kama wakati umefika wa kuongeza friza nyingine. Sisi huuza friza na kuzitengeneza, hivyo ingekuwa rahisi kumjibu kila mmoja kwamba umefika. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kuingia katika majiko na stoo za watu na kuzifungua friza hizo hadi chini kabisa, tumejifunza kutazama kwanza kiasi cha chakula kinachopita ndani ya friza kwa mwaka mzima, wala si kiasi kinachokaa humo kwa siku moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua bei ya friza uigawe kwa miaka unayotarajia kuitumia, na friza iliyotunzwa vizuri kwa kawaida hufikisha miaka 10 hadi 15. Kisha ongeza umeme wa mwaka mmoja. Kiasi cha umeme huandikwa kwenye lebo ya friza kwa uniti, yaani kilowati-saa, na friza iliyoandikwa uniti 240 kwa mwaka itakula takriban uniti 20 kwa mwezi, ingawa ikiwekwa katika chumba chenye joto au ikifunguliwafunguliwa itapita hapo. Zidisha uniti hizo kwa bei unayolipia, nawe utakuwa umepata gharama ya mwaka. Baada ya hapo jiulize ni kiasi gani cha fedha unachookoa katika kila kilo unaponunua kwa wingi badala ya kununua kidogo kidogo, halafu gawa gharama ya mwaka kwa akiba hiyo ya kilo moja. Jibu utakalolipata ni idadi ya kilo ambazo lazima zipite ndani ya friza kila mwaka ili irudishe gharama yake tu, kabla haijakupa faida yoyote. Jibu likiwa kilo 120, maana yake ni kilo 10 kila mwezi, na familia inayonunua nyama au samaki kwa jumla huzifikia bila taabu. Likiwa kilo 500, basi watu wawili wanaokula nyumbani jioni tu hawatazifikia kamwe, hata friza iwe nzuri namna gani.

Kuna kipengele kimoja ambacho wateja wengi hukisahau katika hesabu hii, nacho ni chakula kinachotupwa. Tuseme kununua kwa jumla kunakupunguzia sehemu moja ya tano ya bei. Kilo moja ukiiacha humo hadi ikaharibika, umepoteza fedha zote ulizoilipia, ambazo ni sawa na akiba uliyoipata katika kilo nyingine nne. Anayetupa kilo moja kati ya kila tano, kwa hiyo, hajapata chochote kutokana na kununua kwa wingi, na umeme ameulipia bure.

Tulikumbushwa jambo hili siku tulipoitwa katika nyumba moja ambako tuliambiwa kwamba friza haigandishi tena. Mashine ilikuwa nzima. Kuta zake za ndani zilikuwa zimefunikwa na barafu yenye unene wa vidole viwili, na kifuniko kilikuwa kimeegemea mfuko uliochomoza, hivyo hewa ya nje ilikuwa ikiingia usiku na mchana. Tulitandika turubai sakafuni tukaanza kutoa vitu pamoja na mama mwenye nyumba. Tabaka la juu alilifahamu vizuri, kwa kuwa ndilo alilokuwa akilitumia kila wiki. La katikati alilikumbuka kwa kubahatisha. Chini kabisa kulikuwa na mifuko isiyo na jina wala tarehe, iliyoshikamana ikawa bonge moja, na alipouliza kama ule mmoja ulikuwa wa kuku au wa samaki, fundi wetu aliugeuza mara mbili akashindwa kumjibu. Nyama iliyokuwa humo ilikuwa na mabaka meupe yenye kuelekea kijivu, makavu kama karatasi ya boksi. Zaidi ya nusu ya vitu vilivyotoka kwenye tabaka hilo vilitupwa, na mama yule, ambaye alikuwa tayari kununua friza kubwa zaidi, alibaki na friza ileile ikiwa na nafasi ya kutosha.

Mabaka hayo hayatokani na vijidudu. Katika baridi kavu ya friza, barafu iliyo kwenye uso wa nyama hugeuka kuwa mvuke bila kupitia hali ya maji, na sehemu iliyopoteza unyevu hukauka na kupoteza ladha. Nyama ya namna hiyo haidhuru, ila hakuna anayeifurahia, na kinga yake ni kuifunga vizuri huku ukiitoa hewa yote iliyomo mfukoni. Ni vyema pia kuelewa kwamba baridi haiui vijidudu vingi, bali huvizuia kukua, na ndiyo sababu chakula kilichoingia kikiwa kimeanza kuharibika hutoka kikiwa hivyohivyo. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha friza ya nyumbani, chakula hubaki salama kwa muda mrefu sana, lakini ubora wake una kikomo. Nyama ya kusaga hubaki nzuri kwa miezi mitatu hadi minne, chakula kilichopikwa kwa miezi miwili hadi mitatu, samaki wenye mafuta mengi vivyo hivyo, samaki wasio na mafuta kwa miezi sita hadi minane, na kuku mzima kwa takriban mwaka. Mboga huhitaji kuchovywa kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika chache na kupoozwa haraka, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo huendelea kufanya kazi polepole hata kwenye baridi, vikaharibu rangi na ladha. Muda huu unatuambia pia ukubwa wa friza unaofaa, kwani friza yenye lita 200 ikipangwa vizuri huchukua karibu kilo 100, na hakuna sababu ya kuhifadhi kilo 100 za chakula ambacho familia yako italazimika kukitumia kwa mwaka mmoja na nusu.

Baada ya maelezo hayo mteja huuliza, basi ni nani hasa anayefaa kununua. Kwa uzoefu wetu, wanaonufaika ni familia kubwa inayonunua kwa jumla na kutumia kwa mpangilio, wanaolima au kuvua na hupata mavuno mengi kwa msimu mfupi, wanaoishi mbali na soko kiasi kwamba kila safari ni gharama, na wale wanaopika mara moja kwa wiki kwa ajili ya siku zote zinazofuata. Anayenunua chakula karibu na nyumbani kila baada ya siku mbili hanufaiki, na fundi wetu yeyote atakayemkuta humwambia hivyo. Wapo pia watu wa katikati ambao shida yao ni mpangilio tu, na hao sisi huwashauri waondoe kila kitu kwenye sehemu ya kugandishia waliyonayo, waandike majina na tarehe, wakigandishe chakula kikiwa bapa badala ya bonge, halafu wasubiri miezi miwili ndipo waamue.

Kuna njia moja ambayo huonekana ya akili lakini mara nyingi tunaipinga, nayo ni kununua jokofu jipya na kulihamishia la zamani stoo ili liwe friza ya ziada. Jokofu hilo hubadilishwa kwa kawaida kwa sababu limechoka, mpira wa mlango wake umekakamaa, na linakula umeme mwingi kuliko friza mpya ndogo, huku sehemu kubwa ya nafasi yake ikiwa ya kupoza tu wala si ya kugandisha. Tazama pia nyota zilizochorwa kwenye mlango wa sehemu ya barafu: nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni nyuzi 12, tatu ni nyuzi 18, na ni zile nne tu zinazoonyesha kwamba chombo kimetengenezwa kugandisha chakula kibichi, si kutunza tu kilichogandishwa tayari.

Ukishaamua kununua, je, uchague friza ya kulala ambayo hufunguliwa kwa juu, au ya kusimama? Hewa baridi ni nzito, hivyo katika friza ya kulala hubaki ndani kifuniko kinapofunguliwa, ilhali katika ile ya kusimama humwagika miguuni. Ya kulala kwa kawaida hutumia umeme kidogo na huhimili zaidi umeme unapokatika. Udhaifu wake mmoja ni mkubwa, nao ni ule tuliouona kwenye turubai: kinachofika chini husahaulika. Vikapu vya ndani husaidia, na sisi hupendelea mteja atenge kila kikapu kwa aina moja ya chakula. Friza za kusimama zisizojaza barafu huwa na hita ndogo inayoyeyusha barafu kwa vipindi, jambo linalopunguza kazi ya kusafisha lakini hukausha chakula kwa haraka kidogo. Ukichagua isiyo na hita, iyeyushe barafu inapofikia unene wa nusu sentimita, wala usiikwangue kwa kisu, maana tumeshaziona nyingi zilizotobolewa kwa namna hiyo gesi ikatoka yote.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye bati la maelezo nyuma ya friza kuna herufi SN, N, ST au T, ambazo huonyesha joto la chumba ambalo mashine imetengenezewa: mbili za kwanza huishia nyuzi 32, ST huishia 38, na T huishia 43. Friza yenye herufi N ikiwekwa chini ya paa la bati lisilo na dari itafanya kazi bila kupumzika na kompresa yake itakufa mapema. Iachie nafasi ya hewa nyuma na pembeni, ichomeke moja kwa moja ukutani badala ya kwenye waya wa kuunganishia, na ikisafirishwa ikiwa imelazwa iache isimame kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili oili irudi kwenye kompresa.

Usijaze friza nzima kwa chakula kibichi kwa siku moja. Kipimo tunachowapa wateja ni kilo moja hadi moja na nusu kwa kila lita 28 za nafasi katika saa 24, ambayo kwa friza ya lita 200 ni kama kilo saba hadi kumi. Kikizidi hapo, chakula huganda polepole, chembe za barafu hukua kubwa, hupasua nyama, na ikiyeyuka hutoa maji mengi.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa hushikilia baridi kwa takriban saa 48 isipofunguliwa, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji, ukiacha pengo shingoni kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia tisa. Anayesafiri agandishe kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu. Akirudi akaikuta sarafu imezama chini ndani ya kikombe, chakula kiliyeyuka kikaganda upya bila yeye kujua, nacho kitupwe. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena, lakini kilichokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili hakifai.

Kwa wale ambao tayari wana friza ya pili na hesabu imewaonyesha kwamba haiwalipi, si lazima waiuze kesho. Wahamishie kilichomo kwenye jokofu, waizime, waioshe, waikaushe, na waweke kipande cha mbao imara kati ya kifuniko na mwili wake ili hewa ipite na ukungu usiote ndani. Kama kuna watoto nyumbani, kifuniko ni bora kifunguliwe bawaba na kuondolewa kabisa, maana mtoto anayejificha ndani ya friza iliyofungwa hana hewa ya kumtosha. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na fundi wetu huifanya bila malipo anapokuja kwa shughuli nyingine.