Barua ya wazi kwa walimu wakuu wapya: msingoje kuitwa semina

Kwenu walimu wakuu wa shule za msingi mlioteuliwa karibuni, mlioshika ofisi na mnaosubiri makabidhiano,

Marahaba, wanangu. Na hongereni. Najua simu zenu hazipumziki: wa kupongeza, wa kuombea mtoto nafasi, na yule mwenye duka la vifaa vya shule ambaye hata jina lako hakulijua mwezi uliopita, leo anakuita "mkuu wangu". Mimi nimeshastaafu. Sina uhamisho wa kumpa mtu wala nafasi ya kumpigia debe, kwa hiyo nitasema kama mzee anavyosema na watoto wake, na atakayeona nimezidisha anisamehe.

Wengi wenu mmepewa ofisi hii kwa sababu mlikuwa walimu hodari darasani. Ni heshima, lakini kazi mliyopewa ni nyingine, na chuoni hamkuisomea. Kule mlifundishwa azimio la kazi na andalio la somo. Hakuna aliyewafundisha kusoma leja, kuendesha kikao cha wazazi wenye hasira, au kumwambia mwalimu aliyewazidi umri miaka kumi na tano kwamba vipindi vyake haviingiwi. Haya mtu hujifunza akiwa tayari amekalia kiti. Shida ni kwamba wapo wanaokaa miaka mingi bila kujifunza, wakingoja barua ya kuitwa semina.

Semina tunazijua. Nauli na posho, chai ya saa nne, slaidi, picha ya pamoja, cheti. Sizibezi, chai hizo nimezinywa sana. ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, pale Bagamoyo, na kampasi zao za Mwanza na Mbeya, kazi yao ni kufundisha uongozi na utawala wa elimu, na anayepata nafasi ya kusoma stashahada yao asiiache impite. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992, na mtu mwenye kazi na familia anaweza kusoma bila kuacha kituo chake. Someni. Ila mwalimu aliyekuwa akirudi kwangu kutoka mafunzoni, sikumuuliza cheti. Nilimuuliza: kuna jambo gani ulilokuwa unafanya ambalo Jumatatu hutalifanya tena? Wengine walijibu papo hapo. Wengine walinionyesha begi jipya walilopewa.

Nilipoanza kazi, miaka ya themanini, nilikuta shuleni walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nyinyi mmewasikia tu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa liliamua kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakawa wanafundisha huku wenyewe wakisoma, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kusimamiwa na waratibu waliowazungukia. Watu waliwacheka, na kweli wengi wao walikuwa na mapengo makubwa ya maarifa. Lakini wale niliowakuta mimi walikuwa na tabia ambayo leo siioni kwa wengi wenye shahada: kilichowashinda asubuhi darasani walikizungumza alasiri ile ile, chini ya mwembe, bila aibu na bila posho.

Serikali imewarudishia tabia hiyo kwa jina la MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Moduli zipo kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na kila shule inatakiwa kuwa na jumuiya ya ujifunzaji, walimu wenyewe kwa wenyewe. Utaratibu huu ni mzuri, na anayeuua mara nyingi si mwingine ila mwalimu mkuu. Anauua bila kujua. Walimu wamekaa, naye anaanza na "matangazo mawili matatu": michango ya mwenge, waraka uliokuja, nani hakusahihisha madaftari. Nusu saa imeondoka. Kisha mwalimu wa taaluma anasoma moduli kwa sauti kama anayesoma risala, daftari la mahudhurio linazungushwa, picha inapigwa na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Ripoti inasema kikao kimefanyika. Hakuna aliyejifunza kitu, na walimu wamejua sasa kwamba mkubwa wao anataka picha.

Ngoja niwaonyeshe kikao kinavyokuwa. Mwalimu wa darasa la tatu analeta madaftari kumi ya hisabati, ya juzi tu. Swali: 52 kutoa 27. Madaftari sita yana jibu 35. Mnakaa mnayaangalia. Mmoja anasema watoto hawa ni wavivu. Mwingine, wa darasa la pili, ananyamaza kidogo kisha anasema: hapana, hawa wametoa 2 kwenye 7, kwa sababu mimi niliwaambia siku zote ndogo inatoka kwenye kubwa. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Mtoto ameshika kanuni aliyopewa darasa la pili na anaitumia vizuri kabisa mahali pasipofaa. Nani atabadili maneno yake darasa la pili? Nani atachukua vijiti, atafunga mafungu ya kumi kumi, amwonyeshe mtoto fungu linavyofunguliwa? Mnakubaliana, na wiki ijayo madaftari yanarudi mezani.

Mwalimu mkuu kwenye kikao kama hicho anakaa wapi? Akae katikati ya walimu, na kalamu yake mkononi, asikae mbele. Na siku moja moja alete daftari la kipindi chake mwenyewe, kwa sababu mwalimu mkuu bado ana vipindi, hata kama wengine husahau. Nawaambieni, siku mkubwa akisema "mimi hapa nimekwama, nisaidieni", walimu wenye aibu hupata ruhusa ya kusema yao. Matangazo yabandikwe ubaoni.

Jambo la saa. Msiweke jumuiya ya ujifunzaji Jumamosi, wala jioni baada ya kengele ya mwisho. Mwalimu mwenye mtoto mchanga nyumbani atakuja mwili bila akili, au hatakuja, kisha aandikwe mtoro wa mafunzo. Tafuteni muda ndani ya saa za kazi. Ratiba ni yenu.

Sasa fedha, maana hapa ndipo vijana wengi wanaungulia. Chukua shule ya watoto 700. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na hazipitii kwako, 6,000 ndizo za kushuka shuleni. Piga hesabu: milioni 4.2 kwa mwaka, laki tatu na nusu kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, mipira, kitasa cha darasa la nne na bati lililopeperuka. Ni fedha ndogo, na fedha ndogo ndiyo inayotaka akili nyingi, kwa sababu ukikosea laki moja umekosea karibu theluthi ya mwezi.

Mwalimu wa fedha hamtampata Bagamoyo peke yake. Yumo kwenye kabati la ofisi yenu. Ijumaa watoto wakishaondoka, toeni faili la muhula uliopita, mchague malipo moja tu, tuseme rimu kumi za karatasi. Tafuteni muhtasari wa kikao cha kamati ya shule uliopitisha ununuzi huo. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo mwandiko ni wa mtangulizi wako. Tafuteni hati ya malipo. Tafuteni risiti. Kisha fungueni leja ya stoo muone rimu ziliingia lini na nani alizichukua. Karatasi hizo nne zinasimulia hadithi moja au nne? Kama muhtasari una tarehe ya baada ya risiti, mmeshajua somo la kwanza. Fanyeni hivyo kila Ijumaa kwa malipo moja, na muhula utakapoisha mtasoma faili kama mnavyosoma daftari la mwanafunzi. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri akija msijifiche nyuma ya chai na soda. Mwekeeni hati mliyoiandaa wenyewe mumuulize kasoro iko wapi. Mtu huyo analipwa kujua makosa, na nimeona wachache sana waliomtumia kama mwalimu.

Mifumo nayo imekuja: FFARS ya hesabu za kituo, NeST ya manunuzi, PEPMIS ya kupima utendaji. Kila shule ina kijana mmoja aliyeajiriwa juzi ambaye vidole vyake vinajua haya yote. Mwombeni awafundishe, mkae naye bega kwa bega, mguse vitufe wenyewe. Kuuliza si ujinga, hata ukiuliza mtu wa umri wa mwanao. Ila nywila msimpe. Siku malipo yakienda pasipotakiwa, atakayeitwa ni mwenye jina lililo kwenye mfumo.

Ujenzi sitausemea sana, maana wakubwa wenu waliokuwepo mwaka 2021 watawaeleza. Fedha za UVIKO, zile za kukabili athari za korona, zilipokuja kujenga madarasa 15,000, kila chumba milioni 20, walimu waliokuwa wakijua chaki walijikuta wanahesabu nondo na mifuko ya saruji, wana kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Waliovuka salama ni wale waliosimama na fundi asubuhi wakamuuliza uwiano wa mchanga na saruji, na mhandisi wa halmashauri alipokuja wakauliza tena swali lile lile.

Zito kuliko yote ni watu. Silaha ya kwanza anayoikimbilia mwalimu mkuu mpya ni barua ya kujieleza. Ana muhuri, ana karatasi, anajisikia mkubwa. Mwalimu fulani anachelewa kila Jumatatu, anaandikiwa. Anajibu kwa lugha ya sheria, naye sasa ana faili na wewe una adui, na Jumatatu ijayo amechelewa tena. Ungemwita pembeni ukamuuliza, "Mwalimu, Jumatatu zako zina nini?" pengine ungesikia kwamba Ijumaa anapanda gari kwenda kumwona mama yake mgonjwa, na la kurudi halifiki kabla ya saa mbili. Hapo mna la kupanga: kipindi cha kwanza kihamishwe, au arudi Jumapili, na mwafaka uandikwe. Akivunja mwafaka, barua iende, na iende bila kigugumizi. Simaanishi mlee utoro. Watoto sitini wasio na mwalimu asubuhi hawalishwi na huruma yetu.

Mazungumzo ya namna hiyo yanafundishika, na njia yake ni kuyarudia. Kwenye kata yako kuna walimu wakuu wengine wanne au watano. Kutaneni mara moja kwa mwezi, kila mmoja aje na jambo moja linalomnyima usingizi, majina ya watu yabaki nyumbani. Mmoja awe mwalimu mchelewaji, mwingine awe mkuu wake, wafanye mazungumzo yale mbele ya wenzao, kisha waambiwe wapi sauti ilipanda na wapi swali liligeuka kuwa shutuma. Mtacheka sana mara ya kwanza. Afisa elimu kata mkaribisheni, naye alete jambo lake. Chakula kila mtu ajilipie, maana siku mkianza kuomba fedha ya kikao, kikao kimekufa.

Na msaidizi wako. Nimeona shule nyingi ambako mwalimu mkuu msaidizi hajawahi kushika leja, hajui hati ya malipo inajazwaje, hajaongoza kikao hata kimoja cha wazazi. Kazi yake ni kushika zamu mkubwa akisafiri. Kisha mkubwa anahamishwa ghafla, na anayekaimu anaanza sifuri, kama nyinyi mnavyoanza sasa. Muhula huu mwachie mwezi mmoja wa leja, wewe ukague. Mwachie aongoze jumuiya ya ujifunzaji, wewe ukae na walimu. Mpeleke halmashauri siku ya bajeti asikie maswali yanavyoulizwa. Kama aliomba nafasi yako akaikosa, na wapo wa namna hiyo, basi anza naye wiki hii hii, kabla kinyongo hakijapata makao. Mwite, mwonyeshe faili la makabidhiano ulilopokea, vitu vilivyomo na visivyokuwemo, mwambie mlipitie pamoja ukurasa kwa ukurasa.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mkuu mstaafu