Risala ya Wanafunzi wa Uzalishaji wa Mbegu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi, walezi na wanachuo wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kuyaona mabanda yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwaka huu tulichagua kuusoma mmea mmoja kwa kina. Unaitwa gwayule, kichaka cha majani ya rangi ya majivu kinachoota katika jangwa la Chihuahua, kuanzia kaskazini mwa Meksiko hadi Texas. Ndani ya magome ya shina na mizizi yake mna mpira wa asili. Wenzetu wanaotoka Muheza wamezoea kuona mti wa mpira ukigemwa na utomvu ukichuruzika kwenye kikombe. Gwayule haigemwi. Mpira wake umefungiwa ndani ya seli moja moja, kwa hiyo kichaka hukatwa kizima, kikasagwa, kisha mpira ukatenganishwa na ulimbo.

Dunia iliuhitaji sana mmea huu mwaka 1942, Japani ilipoyateka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki. Machi mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya dharura, na takriban hekta 13,000 zikapandwa gwayule, makao makuu ya kazi yakiwa Salinas, California. Wakati huohuo, katika kambi ya Manzanar, Wamarekani wenye asili ya Japani waliokuwa wamezuiliwa kwa sababu ya asili yao tu waliufanyia mmea huu utafiti. Walitumia vipandikizi vilivyotupwa na vifaa vya kuungaunga, wakisaidiwa na Robert Emerson, mwanasayansi wa chuo cha Caltech huko California. Sisi tunaosoma kwa vifaa vichache tuliguswa mno na watu hawa. Vita vilipokwisha, mpira wa Asia ukarudi sokoni. Kufikia mwaka 1946 mradi ulikuwa umefungwa, na mashamba yakachomwa moto au kung'olewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tunajua kuboresha gwayule ni kazi ya miaka mingi. Mimea yenye kromosomu 36, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi ndani ya seli, huzaa kwa kuchavushwa kama kawaida. Lakini ile yenye 54 au 72, ambayo ndiyo mingi, hutoa mbegu nyingi bila baba, na miche ikatoka nakala ya mama yake. Hilo ni jema kwa mkulima aliyekwisha kupata aina nzuri, na ni kikwazo kikubwa kwa anayetaka kuunganisha sifa za aina mbili. Zaidi ya hapo, kichaka hukaa shambani takriban miaka miwili kabla ya kuvunwa, na ili kujua kina mpira kiasi gani kwa njia ya kawaida, lazima ukikate.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mtaalamu wa mimea James Bonner alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba usiku wa baridi huufanya mmea ujikusanyie mpira. Ukame wa kiasi huongeza kiwango cha mpira ndani ya mmea lakini hupunguza ukubwa wa kichaka, hivyo umwagiliaji wa gwayule ni hesabu ngumu. Siku hizi wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wamenyamazisha, yaani wameizuia isifanye kazi, jeni ya protini iliyo nyingi zaidi kwenye chembe za mpira wa gwayule, na mimea yao ya majaribio ikatoa mpira mwingi zaidi. Kampuni ya Bridgestone, yenye shamba la utafiti huko Eloy, Arizona, ilitengeneza matairi yake ya kwanza ya mpira huu mwaka 2015.

Wengi waliotembelea banda letu wameuliza: kwa nini tusiilete Dodoma? Mheshimiwa, gwayule ni wa jenasi moja na gugu karoti, lile gugu linaloharibu malisho na mashamba kule Arusha. Tabia zao si sawa, lakini undugu huo unatosha kututaka tusiagize mbegu kabla ya uchunguzi wa kina wa karantini.

Tunachoomba kinahusu mazao yaliyo mikononi mwetu. Chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu hapa chuoni hakina umeme wa akiba, na mbegu za mtama na uwele zilizokusanywa vijijini na wanafunzi waliotutangulia zinapoteza uotaji kila umeme unapokatika kwa muda mrefu. Tunaomba jenereta au sola. Pili, tunaomba fedha za majaribio zitengwe kwa misimu mitano mfululizo, kwa kuwa fedha ya msimu mmoja humwezesha mwanafunzi kuchagua mimea bora, kisha humwacha bila shamba la kuipanda tena.

Banda letu ni la tatu upande wa kulia. Miche ya mtama tuliyoichagua msimu uliopita iko pale, na tutafurahi ukiikagua.

Tunaomba kuwasilisha.