Kwako mdogo wangu, kabla hujaoa tena

Mdogo wangu,

Habari za ndoa yako nimezipata kwa watu, kama mgeni. Sawa. Tangu siku ile hata shikamoo yako siipati, na mama amechoka kuniletea salamu zako za kubuni. Simu hupokei, ujumbe unafuta bila kusoma. Hapa najua unapita.

Hongera kwanza, na naitoa moyoni. Wewe ndiye uliyenisukuma kwenye ile baiskeli isiyo na breki nilipoteguka mguu, njia nzima unalia wewe badala yangu. Mtu mwenye moyo ule nataka apate mke na watoto. Ndiyo maana nakuuliza swali ambalo hakuna mwingine atakayekuuliza: umepima kaswende?

Najua jibu lako. "Nilishapona." Ulipona kwa dawa gani? Kile kidonda cha kwanza kwa kawaida hakiumi. Hutokea wiki kama tatu baada ya kuambukizwa, mara nyingine hata miezi mitatu, palepale mdudu alipoingilia, na baada ya wiki chache hujifunga chenyewe. Kikiwa mahali mtu hapaoni, ndani ya uke, mdomoni, kwenye njia ya haja kubwa, anaweza asijue kabisa kwamba kiliwahi kuwepo. Kisha yakaja yale madoa. Uliponipokea begi niliyaona viganjani mwako, bapa, ya rangi ya shaba, hayawashi, na nyayoni vilevile. Ukalaumu sabuni. Ukapaka dawa ya aleji, yakaisha, ukatamba. Yangeisha hata ungepaka maji. Kaswende huondoka juu ya ngozi ikakaa ndani miaka na miaka bila dalili, na kwa baadhi ya wasiotibiwa huibuka baadaye ikiwa imeshika moyo na mshipa wake mkubwa, au ubongo. Macho na masikio hayasubiri hata hiyo miaka, yanaweza kuguswa wakati wowote.

Naona nimeanza kukuhutubia. Si ulikuwa unaniita mwalimu mkuu? Basi sikiliza.

Wifi (kwangu bado ni wifi) alipimwa alipoanza kliniki ya ujauzito. Akakutwa nayo, akachomwa penisilini, dawa pekee inayoaminika kumlinda na mtoto aliye tumboni. Akapewa karatasi ya kumwita mwenzi wake, kwa sababu kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kazi bure. Kaswende haiachi kinga. Mtu hupona leo, mwezi ujao akaambukizwa tena. Karatasi hiyo alikupa mkononi nikiwepo. Ukasema, "Mimi siumwi." Ukaikunja mara nne, ukaisokomeza chini ya mguu wa ile meza inayotikisika.

Mtoto alizaliwa ameshafariki.

Sasa ile siku. Watu wamekaa, msiba haujapoa, shangazi anaanza na mafumbo, mara mafumbo yanakuwa maneno kamili: mwanamke ndiye aliyekutwa na ugonjwa, basi mwanamke ndiye aliyeuleta. Wifi maziwa yamemjaa, blauzi imelowa, hana wa kumnyonyesha, anasikiliza. Na wewe unatazama simu. Neno moja tu lingetosha. Uoga ningekusamehe, hata karatasi ningekusamehe. Kile kidole chako kinachopandisha na kushusha kioo cha simu sijakisamehe mpaka leo.

Ndipo nikainama, nikaichomoa ile karatasi, nikaikunjua na kuisoma kwa sauti.

Mnasema nilikuvua nguo mbele ya wakubwa. Mnasema siri ya nyumba haitoki nje. Siri gani, wakati ya mwenzako ilikuwa imeshaanikwa na watu wazima wanaitafuna? Hata leo sijaandika bila kumwomba ruhusa. Nanyi mnaonisoma bila kunijua, shikeni hili: kipimo cha damu kinasema ugonjwa upo, hakisemi nani alimletea nani. Mwanamke hutangulia kujulikana kwa kuwa ujauzito humfikisha kliniki, akapimwa. Mwanamume hana tumbo la kumpeleka, basi anabaki msafi kwa kutopimwa.

Lakini wewe kuna jambo sikulisema siku ile. Picha ya kadi yake ninayo. Kipimo cha kwanza kilisoma 1:8. Zile namba zinaonyesha damu ilizimuliwa mara ngapi kipimo kikiwa bado kinaiona dalili ya ugonjwa, na dawa ikifanya kazi zinatakiwa zishuke. Baada ya msiba ilikuwa 1:64. Ikipanda hivyo kwa mtu aliyetibiwa, swali la kwanza ni kama ameambukizwa upya. Nani aliyeleta mara ya kwanza sijui. Mara ya pili, mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa analala na nani, kama si wewe?

Nilisoma habari za Tuskegee, huko Marekani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 watafiti wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, na hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida wakaendelea kuwanyima. Wale walifichwa. Wewe uliletewa karatasi mkononi. Hapo huruma yangu inakatika, unisamehe. Au usinisamehe.

Nenda kapime. Kama haijulikani imekaa muda gani, ni sindano tatu, moja kila wiki, na usiruke hata moja. Kama penisilini inakudhuru, sema kabla hujachomwa. Siku ya kwanza unaweza kupata homa na mwili kuuma; mara nyingi ni wadudu wanakufa, kwa hiyo usitumie hiyo kama kisingizio cha kukimbia. Kuna kipimo kingine ambacho kwa wengi huendelea kuonyesha alama maisha yote hata baada ya kupona, ndiyo maana huwa wanafuatilia zile namba. Na usimguse mtu mpaka umalize na kuambiwa umepona. Kondomu hupunguza hatari, lakini haifuniki kila kidonda.

Najua unaogopa sindano. Siku ya chanjo uliruka dirisha, na mimi ndiye niliyekukimbiza mpaka nikakurudisha. Nitakuja kukaa nawe, zote tatu. Ila yule binti apime pia, na majibu myasome pamoja kabla ya kutaja tarehe ya harusi. Mwezi huu ukiisha hujamwambia, nitamtafuta mwenyewe, na safari hii sitangoja watu wakusanyike. Nichukie kwa hilo kama ulivyonichukia kwa lile.

Dada yako