Wauza spea, tuuzieni kichwa cha pampu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wauza spea za baiskeli, hasa wa huku kwetu Kanda ya Ziwa, kuhusu kitu kidogo ambacho kinatutesa sana, kichwa cha pampu. Namaanisha kile kidude cha mwisho kabisa wa mpira wa pampu ya kusimama, kile unachokibana kwenye valvu ya tairi ndo upepo uingie. Mimi ni mwalimu hapa Shinyanga, shuleni naenda kwa baiskeli, kwenda na kurudi kilomita 18, na miiba ya migunga kila mtu wa huku anaijua, ukikata njia ya mkato tu porini umeshaokota pancha. Pampu kwangu lazima iwepo, tena iwe nzima saa 11 alfajiri maana saa hiyo hakuna fundi aliyefungua.

Tangu 2021 nimenunua pampu tatu na zote tatu bado ninazo ndani. Hakuna hata moja iliyokufa yenyewe. Silinda nzima, mpini mzima, miguu ya kukanyagia mizima, mbili zina geji na geji zinasoma, kilichokufa ni kichwa. Ya kwanza ule mkono wa plastiki wa kubania ulipasuka kwenye shingo miezi minne tu baada ya kununua, ya pili kale kampira ka ndani kalipanuka kakawa hakashiki tena, ukipiga upepo unatoka pembeni fyuuu, ya tatu kichwa kinachomoka kwenye mpira wa pampu presha ikishapanda, nikakifunga na waya, kikachomoka tena na waya wake. Nilipoenda dukani kuulizia kichwa peke yake nikaambiwa "Mwalimu hicho hakiuzwi hivyo, chukua pampu nzima elfu ishirini na tano". Nikazunguka duka la pili na la tatu, jibu ni hilo hilo. Yaani nitupe chuma kizima kwa sababu ya kampira kadogo kuliko kishikizo cha shati!

Na tusidhani ni tatizo la mtu mmoja. Shinyanga na Tabora ni miji ya baiskeli, watu wamesafirishwa sana kwa daladala za baiskeli huku kabla bodaboda hazijajaa, na hadi leo maji, mkaa, mahindi ya kusaga, watoto wa sekondari, vyote vinakwenda kwa baiskeli. Wanafunzi wangu wanaotoka mbali wanapita kwangu asubuhi, "shikamoo mwalimu tunaomba pampu", na pampu isipofanya kazi mtoto anaendesha tairi ikiwa nusu upepo. Hapo ndo hasara inaanza, maana tairi laini ikigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na inatoboka matundu mawili yanayokaa sambamba, ukiona matundu mawili ya hivyo ujue siyo mwiba, ni upepo mdogo. Mtoto anatembea kwa miguu akisukuma, anafika kipindi cha pili kimeshaisha.

Sasa kinachochanganya watu wengi ni kwamba valvu siyo za aina moja, na kichwa kinachofaa hii hakifai ile. Zile Foniksi na baiskeli za Kihindi za kubebea mzigo zina valvu ya kizamani ambayo ndani ina kampira kembamba kanakovalishwa kwenye kijiti, unaifunga kwa nati, wenyewe wanaiita Dunlop, jina la yule daktari wa mifugo aliyepata hataza ya tairi la upepo 1888 akiwa Belfast. Baiskeli nyingi za mtumba za Japani, zile za kikapu mbele, nazo zina hiyo hiyo. Halafu kuna valvu nene kama ya gari na pikipiki, Schrader, hiyo katikati ina kipini ambacho lazima kikandamizwe ndo mlango ufunguke, ndo iko kwenye mauntenibaiki nyingi. Ya tatu ni nyembamba, Presta, ya baiskeli za mbio na baadhi ya mitumba ya Ulaya, ina kinati kidogo juu ambacho lazima ukilegeze kwanza kwa vidole kabla ya kupiga upepo. Tundu la rimu la Presta ni milimita 6 hivi, la Schrader ni 8. Nyumbani kwangu zote tatu zipo, yangu ni ya Japani, kijana wangu ana mauntenibaiki, na mwalimu mwenzangu tunayepanga nyumba moja ana ya mbio aliyoinunua mtumba Mwanza, na sote tunategemea pampu moja.

Kwa hiyo kabla hamjaitukana pampu na kununua nyingine naomba muisikilize kwanza, mimi nimejifunza kwa kupoteza hela. Ukisikia upepo unavuja pale pale kwenye valvu, kampira ka ndani ya kichwa kamechoka. Ukiona mpini unakuwa mgumu ghafla na geji inaruka juu lakini tairi haijai, basi upepo hauingii kabisa, aidha kipini cha Schrader hakijakandamizwa au kinati cha Presta hujakilegeza. Kwenye Dunlop geji inasoma kubwa kuliko kilichomo kwenye tairi, kwa sababu kale kampira kanataka presha ya ziada ndo kafunguke, kwa hiyo pale bonyeza tairi kwa kidole gumba usiamini sana geji. Na ukiachia mpini ukapanda wenyewe juu, hapo kichwa hakina kosa, ni mlango wa kuzuia upepo kule chini kwenye kitako cha pampu ndo umeharibika, fungua usafishe mchanga kwanza.

Vichwa vingi vya tundu moja, ukifungua kile kifuniko cha mbele, ndani utakuta kampira na kakipini ka plastiki, na vyote viwili vinageuzwa, upande mmoja kwa valvu nene na upande mwingine kwa nyembamba. Mwenzangu alikaa mwezi mzima anaamini pampu yangu haijazi baiskeli yake ya mbio, kumbe ni kugeuza tu. Vya matundu mawili havihitaji kugeuza lakini huku kwetu vingi ni plastiki tupu na kampira kakichoka upande mmoja upepo unatokea huko huko hata kama unatumia tundu la pili.

Fundi mmoja mzee wa karibu na stendi ndo aliniokoa mara ya kwanza, akakata viduara viwili kwenye tyubu nene ya trekta, akavibandika kimoja juu ya kingine kwa solusheni, akatoboa katikati kwa msumari wa moto, ikafanya kazi kama wiki tatu. Namheshimu sana yule mzee lakini mpira wa tyubu ni laini, kwenye presha ya 40 au 50 PSI unashika, mwenzangu akitaka 90 kwenye baiskeli ya mbio unatemwa nje. Mzee huyo pia ndo alinikataza kupaka oili ya injini kwenye kampira ili kichwa kiingie kirahisi, oili inaulegeza mpira na kuuvimbisha, tumia maji ya sabuni kidogo. Na kukitoa vuta moja kwa moja, usikitikise kushoto kulia, ndo maana Presta nyingi zimepinda ncha.

Wengine mtaniambia nenda sheli au gereji ujaze kwa kompresa. Kompresa ile imetengenezewa gari, kichwa chake ni cha Schrader tu, sisi wa Dunlop na Presta tunaangalia, labda uwe na adapta ya shaba ya kuzungushia, na hata wa Schrader wawe makini maana tyubu ya baiskeli ni ndogo, sekunde mbili tatu tu upepo umepitiliza na tyubu imelipuka, niliona kwa macho yangu tyubu ya mwanafunzi wa kidato cha pili ikilipuka, tairi lilikuwa jipya.

Vichwa vya uhakika vipo duniani na siyo siri. Vipo vya shaba au alumini, kuna vya kubana kwa mkono wa chuma na kuna vya kuzungusha kama nati, na kampira kake kanauzwa peke yake, kakichoka unabadilisha kampira tu. Wajapani wana kimoja cha shaba kinaitwa Hirame, watu wa baiskeli za mbio wanakipenda mno, ila kwa bei yake mimi nanunua pampu kadhaa za hapa kwahiyo siwaombi mtuletee hicho. Kile cha kuzungusha nacho nitasema ukweli wake, kwenye Presta zingine ukikifungua kinatoka na moyo wa valvu, yaani kile kipande cha ndani, na upepo wote unaondoka, kwa hiyo kaza moyo wa valvu kwanza. Kwa barabara zetu na mikono ya watoto wanaoazima mimi ningechagua cha kubana, cha chuma, tundu moja.

Ninachoomba kwa wauza spea ni vitu vitatu vidogo tu vikae pembeni ya tyubu na solusheni dukani, kichwa cha pampu cha chuma, kampira ka ndani ka akiba, na klipu ya kubania mpira wa pampu. Wanaoagiza mzigo Kariakoo wakiweka boksi moja tu la vichwa kati ya maboksi ya tairi hawataongeza hata nauli. Mkisema havitauzika, mimi peke yangu nitanunua vichwa vitatu siku hiyo hiyo kwa sababu nina pampu tatu zinasubiri, mafundi wawili ninaowajua nao wana rundo la pampu zisizo na vichwa nyuma ya vibanda vyao. Kwa elfu tano au hata elfu nane tutalipa bila kulalamika.

Na kama kuna muuzaji wa Shinyanga, Kahama, Nzega au Tabora ambaye tayari anavyo na mimi sikufika dukani kwake, namuomba aandike kwenye ukurasa huu huu aseme duka liko mtaa gani, Jumamosi nitapanda basi nimfuate, na nitakuja na kichwa changu cha zamani mkononi ili tupime mpira wa pampu unaingia.

Mwalimu mwendesha baiskeli,
Shinyanga