Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wauguzi: mwaka wetu, na kwa nini hela ya fulana ilienda kwenye semina ya sheria

Ndugu wanachama, wakubwa wangu shikamooni, wengine poleni na zamu, najua hapa kuna watu wametoka naiti na hawajalala kwa hiyo mambo ya kawaida nayapitisha haraka. Tumezika wazazi wa wenzetu wanne, tumewatembelea waliolazwa na waliojifungua, tumeaga wastaafu wawili, Mei 12, Siku ya Wauguzi, tukawasha mishumaa na kula kiapo chetu. Haya mnayajua.

Hela. Tuko wanachama 71, mchango ni 5,000 kwa mwezi, yaani kwa mwaka tulitakiwa kupata 4,260,000. Tumepata 1,985,000. Waliomaliza ni 23, ambao hawajatoa hata shilingi ni 19, waliobaki wametoa nusunusu. Ukiweka na 412,000 ya mwaka jana inakuwa 2,397,000. Misiba na wagonjwa 640,000, semina 1,150,000, shajala na mengineyo 87,000, kwenye akaunti kuna 520,000. Daftari lipo wazi, mwenye swali aje alione.

Sasa nije kwenye hii semina maana ndo inasemwa kila chumba cha chai, kwamba mwenyekiti kala hela ya fulana na keki, akampa mwanasheria. Sijala hela ya mtu. Mwanasheria alilipwa 400,000 kwa siku mbili, chai na chakula 450,000, ukumbi na kuchapa makabrasha 300,000, na nauli ya kumfuata mara tatu nilitoa mfukoni kwangu na sijaidai. Mnasema hatukuwashirikisha, mimi niliitisha mkutano Aprili, nikatuma ujumbe mara nne, wakaja watu 14 wakati akidi ni 36. Kamati ikaamua kama katiba yetu inavyoiruhusu. Ningefanyaje?

Na niseme kwa nini tuliona haraka ile. Mnakumbuka mwenzetu aliyepiga picha ya kidonda akaweka stetasi, nia yake ilikuwa nzuri kabisa, alitaka kuonyesha jinsi kilivyopona. Sura haikuonekana, akaamini yuko salama, lakini kanga ya mama ilionekana na namba ya kitanda ilionekana, binti wa yule mama akaitambua kanga. Alifuta baada ya dakika chache ila skrinishoti ilishatembea. Nilikaa naye siku anaandika maelezo, analia, ananiuliza "mwenyekiti hivi kwani nimevunja sheria gani?" na mimi na miaka yangu yote kazini sikuwa na jibu kamili. Iliniuma sana.

Jibu tulilipata kwenye semina. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kuna Sheria ya UKIMWI ya 2008 inayobana siri ya majibu ya kipimo, halafu kuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 ambayo ndo inatoa nguvu kwa Baraza letu la Uuguzi na Ukunga kukuonya, kukusimamisha au kukufuta kwenye rejista. Mwanasheria alisema kitu kimoja watu wakanyamaza, kwamba kosa moja linaweza kukupeleka milango mitatu, kwa mwajiri, kwenye Baraza na mahakamani, na kushinda mlango mmoja hakufungi mingine. Tukajua pia kwamba ukisaini kama shahidi kwenye fomu ya ridhaa unashuhudia kwamba mgonjwa amekubali mwenyewe, kazi ya kumweleza operesheni ni ya daktari anayeifanya, kwa hiyo mama akikuambia hajaelewa usimsainishe ili foleni iende, mwite daktari arudi amweleze. Na zile dawa za kuagizwa kwa simu saa nane usiku, andika muda, andika jina la aliyeagiza, rudia kwa sauti kabla hujakata simu, asubuhi asaini. Maana kama hukuandika, kwenye faili ni kama hukufanya, hata kama ulihangaika na mgonjwa usiku kucha.

Kile kiapo chetu kiliandikwa Detroit 1893 na kikapewa jina la Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, kwa heshima tu, hakukiandika yeye, na ndani yake siri ya mgonjwa imo. Tunakitamka kila mwaka. Ndo maana sioni kwa nini fulana ingekuwa muhimu kuliko kukielewa.

Kinachonisikitisha ni kwamba siku ya kwanza walikuja 26, siku ya pili 17, na chakula kilikuwa cha watu 60. Wengi wanaolalamika hawakuwepo hata saa moja. Kamati tuliomba zamu zipangwe ili watu wapate nafasi, matroni akakubali, namshukuru sana, na bado viti vilikuwa vitupu. Wale 17 nawashukuru kutoka moyoni, wawili kati yao wameshaanza kuwafundisha wanafunzi wa wodini kuandika ripoti za zamu vizuri.

Mwakani tukijaliwa tunatamani semina nyingine, safari hii labda ya haki ya mgonjwa kukataa matibabu, na kamfuko kadogo ka kumsaidia mwenzetu akiitwa kujieleza asiende peke yake, na fulana pia tutaziangalia hela zikiruhusu. Kiasi siwezi kutaja maana sijui mtalipa wangapi. Na jamani leseni za uuguzi, angalieni tarehe zenu leo, kufanya kazi na leseni iliyoisha ni kosa na chama hakitaweza kukutetea.

Mhazini amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti, anapokea mpaka saa kumi.